Kambare Wangu na Nazi ya Mama Mkwe

Jamani, nimejifungia chooni. Nje mama mkwe anakuna nazi.

Katoka kwao Mtawanya asubuhi. Kufika tu sebuleni, akamwona kambare wangu kwenye tangi la kioo.

"Mwanangu, umeniwekea kitoweo kingali hai! Allah akulipe."

Ningesemaje? Huku kwetu nani anafuga kambare wa kutazama? Nikajibu, "Karibu, mama." Ulimi huu!

Nikajitetea: "Ila mchana hakamatiki, mama. Anajificha ndani ya bomba mpaka usiku."

Ili aamini, nikagonga kioo, kama ninavyogonga usiku nikimtilia perege awinde.

Miaka mitatu hajawahi kutoka mchana.

Leo katoka, mdomo wazi.

Mama anaita: "Mwanangu, kisu kiko wapi?"

Ninacho mimi, huku chooni. Nishaurini, nazi inaisha.