Diski Iliyoandikwa Pro

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Majengo, Nyeri, na mdomo wangu ni mkali. Wateja wanalijua hilo na bado wanakuja. Kwa hivyo sitajitetea. Mzee ambaye nitasimulia habari zake nilimkosea mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu.

Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kiganjo, na kwa miaka miwili alikuwa akiandika kwenye kompyuta wasifu wake wa mazishi. Huku kwetu mtu akifa, watoto huandika maisha yake, wakayachapisha kwenye kijitabu chenye picha, yakasomwa hemani mbele ya watu wote. Mwalimu hakutaka. "Hawa watoto watanisifu mpaka Mungu ashangae," alisema. "Wacha niandike mwenyewe, tena ukweli."

Siku moja alinipa ukurasa mmoja nimwangalizie nukta na mikato, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Ulihusu mwanawe wa kwanza, ambaye Mwalimu alimfukuza nyumbani kwa fimbo kijana alipokataa kusomea ualimu. Hawakuwa wamesemezana tena. Mzee alitaka kijana aombwe msamaha pale hemani, watu wote wakisikia, jina lake likitajwa. "Nikiwa hai siwezi, mami," aliniambia. "Mdomo unakataa."

Basi kompyuta ikawa nzito, akaniletea niiwekee windo upya, yaani ule mfumo unaoendesha mashine. Windo huja kwa matoleo: kuna ya nyumbani, Home, na kuna ya maofisini, Pro. Mashine yake ilikuwa ya Pro, mtumba uliotoka ofisi fulani. Sasa, sisi mafundi wa Majengo huazimana diski, na kila mmoja huandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito kile alichoambiwa na aliyemwazima. Diski niliyoishika ilikuwa imeandikwa Pro, kwa mwandiko nisioujua.

"Huangalii kwanza ni gani?" Mwalimu akauliza. "Hata mtihani tulikuwa tunaangalia bahasha kabla ya kugawa."

Kuangalia ni kazi ya dakika mbili. Unafungua diski, ndani kuna faili moja kubwa kuliko zote, na ukiiuliza kwa amri moja fupi inakutajia matoleo yote iliyobeba. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu amri hiyo. Lakini aliniudhi. Ati mzee wa chaki anifundishe kazi! "Mwalimu, mimi siji darasani kwako," nikamjibu. Akacheka, akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Nikaanza. Pale pa kuchagua kubakiza kila kitu pakawa pamefifia, hapabonyezeki. Mashine ilikuwa inaniambia wazi kwamba diski hii si ya toleo lake. Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake nikazidi kukasirika, nikaiwasha upya kutoka kwa diski na kufuta kila kitu. Nilijiambia maandishi yake yako kwenye ile flashi aliyoifunga pamoja na funguo zake. Sikumuuliza, na alikuwa ng'ambo ya barabara tu, kikombe mkononi.

Windo ilipomaliza kuingia ikajitambulisha: Home. Ndipo nikaiuliza diski ile amri yangu. Home, na hakuna kingine. Ngai, Mungu wangu! Mwalimu aliporudi nikamuuliza habari za flashi, akasema iko na nyimbo za kanisa tu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini siku mbili nzima nilijaribu kuyazoa. Yalirudi majina ya mafaili, ndani hamna kitu.

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikamwambia, "Pole Mwalimu, diski ya ndani ilikuwa imeshaharibika kabla hujaileta." Na yeye akanipa pole mimi kwa kusumbuka! Akasema ataanza upya. Lakini uzee ulikuwa umeshika vidole vyake, na hakufika mbali.

Kwenye mazishi yake nilikaa nyuma. Binti yake alisoma kijitabu: alizaliwa, akasoma, akafundisha, akapenda watu. Mwana wa kwanza alikuwa amesimama kando ya hema, hakutaka kiti. Hakutajwa jina, alihesabiwa tu katika "watoto watano". Nilimwona akigeuza kurasa, akizirudia. Nikajitia hamnazo, nikaimba na wengine.

Wiki iliyofuata yule mwana akaja kibandani, ile kompyuta kwapani. "Dada, mzee aliwahi kumwambia mama kuna kitu yangu humu ndani. Ati wewe ndiye unajua kuifungua."

Ningeweza kurudia uongo wangu, ulimi ulishauzoea. Nikashindwa. Nikamwambia yote: diski ambayo sikuiangalia, hasira, kufuta, na jinsi nilivyomdanganya baba yake machoni. Nilingoja matusi, na kusema kweli niliyataka. Hakutukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kompyuta magotini.

"Wewe uliisoma?"

"Ukurasa mmoja. Uliokuhusu."

"Alisema nini?"

Nilikuwa nimeusoma macho yakiwa kwenye nukta na mikato. Ukurasa mzima, na nilichokumbuka ni sentensi mbili: "Nilimpiga kwa sababu niliogopa. Yeye hakunikosea kitu."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akainamisha kichwa, akangoja zilizobaki, na mimi sikuwa nazo.