Kanga za Shangazi

Kaka yangu alimfukuza mtoto wake nyumbani kwao Cedar Hill, nami nikaenda kumchukua nikamleta kwangu Euless. Sikuomba ruhusa ya mtu. Mtoto huyo alizaliwa akaitwa mvulana, akakua akijua kwamba ni msichana, na alipomwambia baba yake, jibu lilikuwa begi nje ya mlango. Mimi ni nesi. Kazi yangu ni kuhangaika watu wasife, nikaona nianzie kwenye ukoo wangu.

Chuoni kwake kulikuwa na chumba walimokuwa wakikutana wanafunzi wa hali yake. Siku moja wakakuta kimefungwa, na hakuna aliyewapa maelezo ya maana. Nikamwambia awalete kwangu. Wakawa wanakuja Jumamosi, wanajaa sebuleni na kompyuta zao, wanasoma, wanamaliza maandazi yangu. Mmoja wao alisema yeye si mwanamume wala mwanamke. Nilimuuliza nimtambulishe vipi kwa wageni, akaniambia, yakaisha. Wanawake wenzangu wa kanisani wakasema nimefungua kambi. Nikawajibu kambi ina chai, karibuni.

Sasa, sisi Watanzania wa huku ughaibuni tuna sherehe yetu ya wahitimu, wote kwa pamoja, katika ukumbi pale Arlington. Mvulana huvishwa koti na baba yake. Msichana hufungwa kanga mbele ya watu, na anayemfunga ni shangazi yake. Si mama, si baba. Shangazi ndiye humwita mbele, na akikaa kimya msichana haendi.

Muhula wa mwisho mpwa wangu akasikia kwamba baba yake ameshamnunulia koti. Akaacha kwenda darasani. Mitihani ilikuwa inakaribia, naye amelala amegeukia ukuta.

"Shangazi, nita-graduate kwa ajili ya nani?" akaniuliza. "Watu wangu wenyewe hawataki kunijua."

Nilikasirika. Miaka yote ile ya kusoma ipotee kwa sababu ya koti.

Nikaenda kwenye kikao cha kamati ya sherehe, nyumbani kwa kaka. Walibishana sana. Wengine walitaka mtoto asialikwe kabisa, wengine wakasema aje ila akae nyuma. Kaka yangu, aliyetaka kuonekana mtu wa msimamo, akapiga meza akasema yeye hana maneno mengi, mila ifuatwe. Nikamwomba arudie, wote wasikie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mpwa wangu ainuke akafanye mitihani, kanga nitanunua kesho. Akainuka, akauliza laptop yake iko wapi.

Siku ya sherehe alikuja na gauni la bluu, rafiki zake wakakaa naye meza ya mwisho. Koti lilikuwa limetundikwa mgongoni mwa kiti cha kaka. Mshereheshaji alipofika kwenye jina la ukoo wetu alisitasita. Nikasimama na mfuko wangu, nikamwita binti yangu mbele. Kaka naye akasimama.

"Dada, kaa chini. Unatuaibisha."

"Ulisema mila ifuatwe," nikamwambia. "Nitajie shangazi yake mwingine, nikae."

Hana dada mwingine. Ukumbi mzima unajua hilo. Alitazama huku na huku, kisha akakaa, koti likiwa bado nyuma yake.

Nikamfunga kanga kiunoni, nikaikaza vizuri, maandishi yakae nyuma yasomeke na wenye macho. Hakuna aliyepiga kigelegele, basi nikapiga mwenyewe. Mama mmoja akaitikia, na wengine wakaona aibu kunyamaza. Mpwa wangu alilia, nami nikalia, wala sikujifuta.

Walidhani nimemaliza. Mfuko ulikuwa na kanga zaidi. Nikawaita wale wa meza ya mwisho, watoto ambao hakuna ndugu aliyekuja kwa ajili yao, mmoja baada ya mwingine. Yule asiye mwanamume wala mwanamke alifika mbele akaninong'oneza kwamba ya kiunoni hapana, angependa ya begani. Mzee mmoja wa kamati akasema kwa sauti kwamba haifungwi hivyo.

Nikaitandaza begani. Shangazi ni mimi.