Figa la Tatu

Nianze na waliokuwepo, maana kisa kisicho na majina ya watu hugeuka porojo. Alikuwepo mama yangu, Mwanaidi, na bibi yangu mzaa baba, Bi Salima, mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwepo Mzee Shekuwa, mwenye nyumba pekee ya bati katika kilima chetu cha Kwemsizi, na Mama Elieza, Mlutheri, jirani yetu wa karibu na kijito. Ng'ambo ya bonde waliishi Mzee Shemhilu na mkewe Bi Mwantumu, na watoto wao watatu: Hadija mkubwa, Rajabu wa kati, na Zuhura, rika langu. Baba yangu hakuwepo. Alikuwa akikata mkonge huko chini kwenye joto, akipanda mlimani kwa nadra, na akija alinipapasa kichwa kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Na mimi, Amina, mtoto pekee. Wadogo zangu wawili walizaliwa na kutangulia kabla hawajajua kunizomea.

Haya yote yalinirudia juzi, mkwe wangu alipozima kuni kwa maji. Jivu likilowa lina harufu yake, chachu na baridi, inayokaa nyuma ya pua kama kitu ulichotaka kusema ukasahau. Nilitoka nje nikakaa kwenye kigoda. Mkwe akauliza kama moshi umeniumiza macho. Nikamwambia ndiyo.

Nyumba ya Mzee Shemhilu iliungua asubuhi ya ukungu, wakati wote wako shamba. Cheche ilipanda darini, na darini kwetu ndiko kunakowekwa mahindi na maharage ya mbegu ili moshi wa jiko uyalinde na wadudu. Kwa hiyo moto ulikuta chakula chake tayari, kimekaushwa vizuri. Tulisikia mahindi yakipasuka kutoka ng'ambo ya bonde, na mimi, kwa akili za utoto, nikamwambia mama, "Wanakaanga bisi." Mama alikuwa ameshachukua ndoo na kukimbia.

Hakuna aliyekufa. Mbuzi walitolewa. Lakini tulipofika na maji yetu, paa la nyasi lilikuwa limekwisha kukaa chini, na Bi Mwantumu alikuwa amesimama na jembe begani, kama mtu aliyekosea njia ya kwake.

Sasa nisikilizeni jambo la kwetu, maana siku hizi naona limesahaulika. Nyumba ikiungua Kwemsizi, watu hawakuanza kuzungumza habari za miti wala nyasi. Walianza kugawana watoto. Kila nyumba yenye nafasi ilichukua mmoja, na wazazi walibaki palepale kwenye jivu, chini ya kibanda cha majani ya migomba, kwa sababu kiwanja kisicholaliwa, wazee walisema, humkataa mwenyewe. Mtoto aliyechukuliwa hakutumwa maji, hakuchapwa, na hakurudi kwao mpaka nyumba isimame. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyenieleza. Mtoto wa wakati ule hakuelezwa mambo. Aliyaona tu yakipita, kama kuku anavyouona msafara wa arusi.

Bibi yangu ndiye aliyegawa. Mzee Shekuwa akapewa Hadija. Rajabu akaenda kwa Mama Elieza, ambaye siku ileile aliazima sufuria kwa mama yangu, akiapa kwamba zake zimewahi kupikiwa nguruwe na hataki kumtia mtoto wa Kiislamu kwenye dhambi. Akabaki Zuhura. Bibi akamshika mkono, akauweka ndani ya mkono wangu, akasema, "Haya Amina, kila siku unalia huna mwenzako. Huyu hapa."

Nami nikaamini kabisa. Nikaamini nimepewa.

Zuhura alilala nami kwenye kitanda changu cha kamba. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo ukungu wa Lushoto huingia hadi ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni, na miguu yake ilikuwa baridi kama vyura, lakini mgongo wake ulikuwa na joto. Nilimpa upande wa ukutani. Nilimwonyesha shimo la panya, mti wa peasi unaozaa kabla ya mingine, na sehemu ya kijito ambayo jiwe lake lina uso wa mtu. Nilimwita ndugu yangu mbele ya watu wa sokoni. Yeye alinifuata kila mahali, akasema "ndiyo" kwa kila kitu, na mimi nikadhani ule ndio udugu.

Kila asubuhi alipiga goti mbele ya mama yangu. "Shikamoo, mama." Akamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi." Mimi nilikuwa ninaitamka shikamoo nikiwa ninapiga miayo, nusu yake ikibaki mdomoni. Bibi alikuwa akinisema, "Mwone mwenzio alivyofundishwa. Wewe unasalimia kama unamtemea mtu mbegu." Na kwenye chakula, hata bada, ugali wetu wa muhogo, iwe laini namna gani, maharage yawe na nazi ya mgeni kutoka Tanga, Zuhura aliacha kidogo kwenye sahani. Mama alimwambia, "Kula, mwanangu, hakuna atakayekudai." Akala tonge moja zaidi, kwa heshima.

Jioni alikuwa akitoka peke yake mpaka ukingoni mwa migomba. Kutoka pale ng'ambo ya bonde ilionekana vizuri: doa jeusi kwenye kijani, na ubavuni mwake kibanda cha wazazi wake. Bi Mwantumu akiwasha moto wa chakula cha jioni, uzi mwembamba wa moshi ulisimama. Zuhura aliutazama ule uzi mpaka ukakatika, ndipo akarudi ndani. Nilimfuata mara moja, nikamwuliza anatazama nini. Akasema, "Anapika viazi."

"Umejuaje?"

"Ugali moshi wake ni mrefu."

Nilicheka, nikadhani anatania.

Kazi ya nyumba ilikwenda kwa ngemo, ndiyo kazi ya pamoja, siku nyumba hii na siku nyumba ile, wanaume wakileta nguzo na fito, wanawake nyasi. Mwanzoni walikuja wengi. Halafu mahindi yakataka palizi, soko la mboga likachangamka, watu wakaanza kuja kwa zamu, na zamu zikaanza kuwa na udhuru. Ukuta wa kwanza ulipokandikwa, mvua isiyo ya msimu wake ikanyesha usiku kucha na mchana wake. Udongo wote ukateremka. Fito zikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Habari ile aliileta Mama Elieza, amejifunika gunia kichwani. Nami, kwa furaha, nikamgeukia Zuhura nikamwambia, "Basi utakaa mpaka mavuno."

Aliinuka, akapita katikati yetu, akatoka. Tulipomfuata alikuwa ukingoni mwa migomba, mvua inampiga, anatazama ng'ambo. Hakukuwa na moshi. Katika mvua ile ni nani angewasha moto chini ya majani ya migomba? Lakini yeye aliendelea kutazama mahali pale ambapo uzi ungekuwa, na gauni langu nililomwazima limemganda mwilini. Mama alimwita. Hakugeuka. Bibi ndiye aliyekwenda, akasimama naye, hakumvuta. Walisimama hivyo, kikongwe na mtoto, kama watu wawili wanaosubiri gari ambalo halipiti njia ile.

Walipoingia bibi alikuwa amebadilika uso. Hakukausha hata nguo. Alichukua jembe lake la mpini mfupi akatoka tena, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kubaki ndani na ukimya wa Zuhura.

Kwa Mzee Shekuwa tulimkuta anakunywa chai. Bibi hakubisha hodi kwa mkono, alibisha kwa mpini.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mzee Shekuwa. "Karibu chai."

"Marahaba. Hadija yuko wapi?"

"Yupo ndani, mzima, anakula vizuri."

"Anakula, na wewe unakula. Mnatazamana vizuri?"

Mzee Shekuwa akacheka kicheko cha mtu asiyejua amefanya nini. "Bibi, na mvua hii?"

"Mvua hii inakunyeshea wewe mwenye bati? Wewe unaisikia tu. Mwenye mtoto wa mtu ndani mwake, kesho atoke. Asiyetoka amrudishe mtoto leo, ampeleke kwenye jivu lao, nasi tujue."

Alisema maneno yaleyale kila mlango, hata kwenye nyumba zisizo na mtoto. Mama Elieza hakumwacha amalize. "Bibi, Rajabu amenimalizia viazi vyote, mimi nakuja hata kama hukuniita."

Kesho yake walitoka. Mvua ilikuwa bado inachirizika, lakini walitoka, na Mzee Shekuwa alitangulia, amebeba nyasi hadi haonekani uso. Wanaume walipandisha paa kwanza, ili udongo usinyeshewe tena. Sisi watoto tulikanyaga udongo shimoni, tope hadi magotini, tukishikana mabega tusianguke. Hapo ndipo nilipomsikia Zuhura akicheka kwa mara ya kwanza. Alicheka sana, alimrushia Rajabu tope, alimwita dada yake majina mabaya. Nilicheka naye. Nilidhani hatimaye amenizoea.

Nyumba ilikauka. Na hapa kuna sehemu ya mwisho ya desturi yetu. Wenye nyumba hawakujichagulia mafiga ya jiko lao jipya. Kila nyumba iliyokaa na mtoto ilimrudisha na jiwe moja la kupikia, lililookotwa kwenye kijito cha upande wake. Watoto watatu, mafiga matatu. Jiwe la kwetu alilichagua bibi, jeusi, la mviringo, zito kuliko sisi tulivyotarajia. Tulilifunga kwenye kanga kuukuu, Zuhura akashika pembe huku na mimi pembe huku, tukashuka bondeni, mama na bibi wakitufuata nyuma.

Njiani mikono ilikufa ganzi. Kwenye kijito nikasema tupumzike.

"Tutapumzika tukifika," akasema Zuhura.

"Utakuja tena kulala kwetu?"

Alinitazama kwa upole. Hata leo nasema ulikuwa upole. "Nitakuja kuwasalimia," akasema.

Mtu hawaambii ndugu zake kwamba atakuja kuwasalimia. Nililijua hilo hata kwa umri wangu. Nikashika pembe yangu tukaendelea, na kilichonitesa si uzito. Kilichonitesa ni kwamba mawili yalikwisha kufika. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Walikuwa wanalisubiri letu.

Bi Mwantumu alilipokea akiwa amepiga magoti. Alilichimbia kidogo, akalitingisha, akalichimbia tena, akaweka chungu. Kikakaa. Moto ulipowaka watoto wake watatu walimzunguka bila kuitwa, wamebanana kama vifaranga, na Zuhura akalala kichwa kwenye paja la mama yake, mchana kweupe, mbele ya wageni, mtoto mkubwa kama mimi. Aliletewa chakula akala mpaka akaipangusa sahani kwa kidole. Kisha akaomba kingine.

"Amina mwanangu, karibu, sogea motoni," akaniambia Bi Mwantumu.

Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." Nikakaa karibu na mlango. Nilipopewa chakula nilikila taratibu, na nikaacha kidogo.

Siku ile tulirudi kwetu. Kitanda changu kilikuwa kipana, na nililala upande wa ukutani.

Niliolewa, nikahamia kilima kingine, nami nikazaa wengi kuliko nilivyoomba. Mwaka mmoja nyumba ya jirani yangu Mwanahawa iliungua, nikaletewa mtoto wake wa kiume, Ally. Asubuhi ya kwanza akaja akapiga goti. "Shikamoo, mama." Shikamoo nzima, haikupungua herufi. Wanangu walikuwa wanagombania uji nyuma yake, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kunisalimia. Nilishindwa kuitikia. Nilimwacha pale na goti lake, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani.

Ndipo nilipoelewa kwamba watoto hawakugawanywa kwa sababu ya vitanda. Walitiwa ndani mwetu ili kila tuketipo kula tumwone mtu asiyeshiba, tuone haya, tutoke tukajenge. Bibi yangu alijua hivyo, na alikuwa amejiachia kusahau kidogo, kwa sababu mjukuu wake alikuwa na mwenzake na nyumba ilikuwa na sauti mbili. Mvua ndiyo iliyomkumbusha. Nami sikupewa ndugu. Nilipewa upweke wa mtu mwingine nikae nao kitanda kimoja, na kwa kuwa ulifanana na wangu, nikaudhania udugu. Sijui kama nilikosea sana. Wapo waliokaa pamoja miaka mingi kwa kidogo kuliko hicho.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Majina nina hakika nayo. Sina hakika kama figa letu liliwekwa upande wa mlango au wa ukuta, wala kama Zuhura alitutazama tulipokuwa tunaondoka. Mimi sikugeuka. Mama, bibi, Mzee Shekuwa na Mama Elieza wote wako chini ya udongo, hawawezi kunisahihisha. Hadija na Rajabu nao wametangulia. Zuhura aliolewa Mlola, na niliambiwa bado yupo, macho hayaoni tena. Basi yeyote anayeijua Kwemsizi akiona nimekosea, aniambie. Na kama wewe Zuhura una mjukuu wa kukusomea haya, usinitumie maneno na mtu. Njoo unisahihishe mwenyewe. Njoo ulale.