Sekunde Nne za Unyoya

Bandarini walimwita Unyoya, na asikudanganye mtu kwamba jina hilo alilipata kwa upole. Ulimi wake ulikuwa wembe. Alilipata kwa mikono. Kwa miaka kumi na saba aliendesha kreni gatini, akishusha makontena ya tani thelathini juu ya tela, na dereva aliyekaa ndani ya lori na kikombe chake cha chai hakumwagikiwa hata tone. Wengine wakishusha, dereva anaruka kitini na kuanza kuwataja wazazi wao. Unyoya akishusha, dereva anauliza kama tayari.

Basi mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Kampuni ilipoamua kuleta kreni zinazojiendesha zenyewe, ilihitaji mtu wa kuigwa, na haikuona haja ya kumwambia. Mafundi walipanda kibandani kwake wakafunga kisanduku cheusi chini ya kiti na nyaya kwenye vishikio, wakasema ni mambo ya usalama. Miezi minane kisanduku kilikaa pale kikinakili. Alipovuta, kikanakili. Aliposita, kikanakili. Alipopiga chafya kishikio kikatikisika, na chafya nayo ikaandikwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chake kilikuwa chini ya makalio.

Siku walipoitwa ukumbini na kuelezwa, madereva wa kreni walikuwa ishirini na wawili. Waliambiwa watabaki wanne, watakaokaa ofisini kwenye viti vya kuzunguka wakitazama skrini. Mashine itafanya kazi, wao wataiangalia. Wa kwanza kutajwa katika hao wanne alikuwa Unyoya, kwa shukrani ya mchango wake mkubwa. Mchango. Mtu anakuibia kuku, halafu anakualika uje kunusa mchuzi.

Wenzake waligeuza shingo kumtazama, na kuanzia hapo salamu zikakatika. Hakuna aliyeamini kwamba hakujua. Mmoja aliyekuwa akigawana naye chapati kila asubuhi alimngoja mlangoni akamwambia kwamba mpanda ngazi hushuka, hilo halina ubaya, ila yeye ameshuka akaondoka na ngazi yenyewe. Unyoya alimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa, akapita. Kisha alikwenda chooni akajifungia, akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba.

Kijana aliyeletwa kuifundisha mashine walimwita Bwana Takwimu. Alikuwa na viatu vya kazi visivyowahi kuona grisi na tabia ya kusema "tuangalie namba" hata akiulizwa habari za asubuhi. Unyoya alimchukia kwa moyo mkunjufu. Wiki ya pili ofisini kijana akamwita kwenye skrini yake, akamwonyesha mstari wa kijani uliokuwa ukiteremka vizuri, halafu unasimama, halafu unaendelea kuteremka.

Alitaka kujua ni nini kile. Kwenye njia nyingine zote za malori chini ya kreni, Unyoya alishusha moja kwa moja. Kwenye njia ya nne, katika zamu moja tu, kontena lilifika kimo cha mtu likasimama. Sekunde nne. Mara nyingine sita. Kila kontena, siku zote za zamu hiyo, miezi minane mfululizo. Na mashine, kwa kuwa ni mwanafunzi mwema, imejifunza nayo kusimama, na inapoteza muda, na wakubwa hawapendi.

Unyoya aliutazama ule mstari, damu ikampanda usoni. Alijua ni nini. Njia ya nne katika zamu hiyo ilikuwa ya Nyundo.

Nyundo alikuwa mpiga pini. Kila tela ina pini nne za chuma kwenye pembe zake, ndizo zinazolishika kontena lisiteleze barabarani, na kabla kontena halijatua lazima mtu apite azinyooshe, iliyokwama aigonge. Kisha king'ora kinalia, mpiga pini anarudi nyuma ya mstari wa njano, mzigo unashuka. Nyundo alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa pia mume wa Unyoya, kwa miaka sita, na mtalaka wake kwa miaka tisa.

Walivyoachana, gati zima lilijua. Unyoya alichoka kuishi na ukuta. Anamwambia mtu maji yamekatika, hajibu. Anamwambia mama yako anaumwa, hajibu. Akimshika bega, mtu anageuka na kufoka kama aliyeamshwa usingizini. Unyoya hakuzaliwa kudharauliwa; akapaza sauti, Nyundo akapaza zaidi, na majirani wakapata burudani ya bure mpaka siku talaka ilipotoka. Hata miezi mitatu haikuisha, bwana akaoa. Unyoya naye akatangaza kantini, mbele ya watu na masufuria, kwamba mwanamume yule hata akigeuka uji hamkorogi. Tangu hapo hawakuiva chungu kimoja. Walipishana getini kila mmoja akitazama ukuta wake.

Ila kutoka juu mtu huona mambo. Mwezi wa nne baada ya talaka, Unyoya akiwa kibandani, alipiga king'ora na wapiga pini wote wakatoka isipokuwa mmoja. Nyundo aliendelea kuinama pale na nyundo yake. Akapiga tena. Nyundo hakugeuka. Kontena lilikuwa linashuka. Unyoya alilizuia kwa nguvu hata mkono ukauma, likabaki linaning'inia juu ya mgongo wa mtu. Nyundo akamaliza pini yake taratibu, akatoka, akatazama juu, akanyoosha mkono.

Hapo ndipo Unyoya alipoelewa ndoa yake. Mwanamume hakuwa na dharau, alikuwa kiziwi. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa kwa makelele ya vyuma, na la kulia lilikuwa likienda nusu nusu, na mpumbavu yule alikuwa ameona ni heri kuitwa mjeuri kuliko kuitwa kiziwi. Maji yalikwisha kumwagika. Angemwendea amwambie nini, mke mpya akiwa nyumbani? Na angekwenda kwa msimamizi, Nyundo angefukuzwa siku hiyo hiyo, maana kanuni ya gati inasema asiyesikia king'ora haruhusiwi chini ya kreni. Kwa hiyo akafanya alichoweza. Kila kontena la njia ya nne alilisimamisha kwenye kimo cha mtu, akangoja mkono unyooshwe, ndipo akashusha. Miaka tisa. Hakumwambia mtu, na yeye mwenyewe hakupenda kulifikiria.

Sasa Bwana Takwimu amekaa mbele yake anangoja jibu, kalamu mkononi.

Angeweza kusema. Lakini kusema ni kumtoa Nyundo kazini. Na, tuseme ukweli wote, ni kuwafanya watu wajue kwamba yeye, aliyetangaza kantini kwamba Nyundo hata akigeuka uji hamkorogi, alikuwa akimngoja mara thelathini kwa zamu kama mama anayengoja mtoto avuke barabara. Wangecheka mpaka waanguke. Na dakika ile alikuwa amejaa uchungu wa kila aina: wa wenzake, wa kisanduku cheusi, wa kijana huyu na viatu vyake. Akaona liwalo na liwe.

"Ni mgongo wangu," akasema. "Ulikuwa unaniuma, napumzika kidogo."

Kijana akaandika. Akamletea karatasi, Unyoya akatia saini. Sekunde nne zikafutwa siku hiyo hiyo, na Bwana Takwimu akafurahi sana na namba zake.

Usiku ule hakulala vizuri, lakini alijipa moyo. Wapiga pini wangeondolewa wote baada ya miezi miwili. Mashine, alivyosikia, ina macho. Na Nyundo si mtoto, ana mke wa kumfikiria. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Siku ya majaribio walikuja wageni wenye kofia nyeupe mpya, wakasimama nyuma ya viti vya wale wanne. Msimamizi alikuwa amewaonya mapema: mbele ya kila mmoja kipo kitufe chekundu cha kusimamisha kreni, na atakayekibonyeza bila sababu mbele ya wageni, kiti chake kitapata mtu mwingine kabla ya saa sita. Wa kuvitaka viti hivyo walikuwa kumi na wanane.

Kreni ya Unyoya ikaanza kushusha njia ya nne. Kibanda chake kitupu, mzigo unapanda, unapita, unashuka, na unatua vile vile anavyotua yeye. Unyoya aliiona miondoko yake mwenyewe kwenye skrini. Wageni walisifu. Makontena matatu yalikwenda salama, kwa sababu pini zilinyooka haraka na Nyundo alikwisha kutoka.

Tela la nne lilikuwa na pini iliyokwama. Nyundo akainama nyuma ya gurudumu, mahali ambapo macho ya mashine hayakufika, akaanza kugonga. King'ora kikalia. Mzigo ukateremka hadi kimo cha mtu, na mkono wa Unyoya, ambao ulikuwa umelala juu ya meza, ukavuta kishikio ambacho hakikuwepo. Mzigo haukusita. Ukapita kimo cha mtu.

Akakibonyeza kitufe kwa kofi.

Kontena likasimama kwa mshindo, minyororo ikalia, na lilibaki upana wa kiganja kutoka kwenye kofia ya Nyundo, ambaye alikuwa bado anagonga. Halafu wote wakazungumza kwa pamoja, na msimamizi, jasho likimtoka mbele ya wageni, akamuuliza Unyoya ana sababu gani. Alipoonyesha mtu aliye chini, msimamizi akasema king'ora kimelia, kila mtu amekisikia, mjinga yule ana ubishi na ataadhibiwa.

"Hasikii," Unyoya akasema. "Ni kiziwi. Miaka tisa namngoja atoke."

Basi wakamleta Nyundo ofisini na mafuta yake mikononi. Msimamizi akasimama nyuma ya bega lake la kushoto akamwita kwa jina, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa kelele. Nyundo alikuwa akiwatazama wageni, akijaribu kusoma midomo yao. Hakugeuka. Mgeni mmoja akainamisha macho. Kisha Bwana Takwimu, ili ijulikane kosa si lake, akasimama upande wa kulia wa Nyundo, wa sikio linalosikia nusu, akasoma ile karatasi kwa sauti kubwa, neno kwa neno: kwamba mwendeshaji alipoulizwa kuhusu kusimama kwenye njia ya nne alisema ni maumivu ya mgongo, na akatia saini. Nyundo aliisikia yote, na hata dai la Unyoya kwamba miaka tisa alikuwa akimngoja.

Kabla ya saa sita Nyundo alikuwa amefukuzwa. Unyoya aliachiwa kiti chake, na mgeni mmoja akamshika mkono akamsifu kwa umakini. Alitamani kumuuma.

Alimkuta Nyundo chumba cha kubadilishia nguo, anatupia vitu vyake kwenye mfuko. Nje ya mlango wapiga pini wengine walikuwa wamejipanga na masikio yao mazima. Unyoya akaingia. Nyundo akamwona, na akaongea kwa sauti ile ile kubwa iliyoivunja nyumba yao.

"Miaka tisa nilidhani unanitesa. Unanining'inizia mzigo kichwani mpaka nikunyooshee mkono kama ombaomba. Kila nikinyoosha nakutukana."

Unyoya mkono ule aliuchukua kuwa ni salamu, na hata siku nyingine ulimtosha mpaka jioni.

"Sasa kama ulikuwa unaningoja," Nyundo akasema, na safari hii hakufoka, "walipokuuliza, kwa nini ukasema mgongo?"

Aliuliza, kisha akainama kufunga zipu ya mfuko iliyokuwa imekwama, kama mtu asiyetegemea jibu. Sikio la kushoto ndilo lililobaki upande wa Unyoya. Alikuwa na matusi ya kutosha kwa mwanamume huyu, ameyaweka akiba miaka na miaka. Hakuona hata moja linalofaa.

"Niliona haya," akasema kwa sauti ya chini.

Nyundo akainua kichwa. Alikuwa amelinasa neno la mwisho tu.

"Haya," akamjibu, kama mtu aliyeagwa. Akatupia mfuko begani akatoka.

Angeweza kumwita arudi amwambie vizuri. Lakini ili asikie ingebidi apige kelele, na mlango ulikuwa wazi, na wenzao walikuwa wamesimama pale nje.