Siku Kisima Kilipogeuka Zambarau

Nimelala katika nyumba nyingi kuliko nguo nilizo nazo. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nimefunga machungwa kwenye magunia Muheza, nimeanika dagaa Tongoni, nimewapikia wakata mkonge kambini. Watu hudhani mwanamke anayehamahama anakimbia kitu. Mimi nilitaka kuona tu. Nikifika mahali huuliza: maji yenu yanatoka wapi, taka mnatupa wapi, mbona mti huu umekauka na ule pale haukukauka. Wengine hunijibu, wengine huniambia niende nikaoshe vyombo.

Ngamiani nilipanga chumba cha uani kwa bibi mmoja ambaye mababu zake walitoka Omani. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mkali kwa mambo mawili: kuku wake weupe na kisima chake. Kisima hicho alikichimbisha baada ya mama yake kufariki. Aliuza bangili za fedha alizoachiwa, akaleta fundi, na maji yalipotoka akawafungulia mlango majirani wote iwe sadaka ya mama. Visima vingi vya mtaa ule vina chumvichumvi. Hiki kilikuwa kitamu. Hata siku ambazo bomba linatoka, watu walikuja na ndoo zao wakisema chai haiwi chai bila maji ya kwa bibi.

Na kila aliyeteka, kabla ya kutumbukiza ndoo, alisema, "Mola amrehemu mama." Hakuna aliyelazimishwa. Ila ukisahau, utasikia kikohozi nyuma ya pazia la chumba cha bibi, na hutasahau tena. Nadhani siku nzima aliihesabu kwa dua hizo.

Mpangaji mwenzangu alikuwa Mbondei, muuza vitumbua, ambaye tulikuwa mashoga tangu siku ya kwanza kwa sababu alinikuta nikichungulia ndani ya pipa lake la unga. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili, na mtoto yule kila masika alikuwa akihara mpaka macho yanaingia ndani. Mara ilikuwa meno, mara jicho la watu, mara maembe mabichi. Hata mimi tumbo lilinisumbua, nikasema ni ugeni. Kila mtu nyumbani alikuwa na tumbo lake na sababu yake.

Masika yale bibi alianza kunifundisha kusuka mikeka. Kabla ya kusuka, ukindu huchemshwa kwenye rangi, na rangi inayobaki ina sheria yake: usiimwage uani, maana itawachafua kuku na nyayo za watoto. Imwage chooni. Wasukaji wote wa mtaa hufanya hivyo, kama mama zao walivyofanya.

Kijiko kimoja cha rangi kinatosha sufuria. Mimi nilitaka kujua itakuwaje nikitia vinne, halafu nikatia na pakiti iliyobaki. Ukindu ulitoka mweusi kama bilinganya.

Bibi akauinua kwa vidole viwili. "Mwanangu, huu ni mkeka wa kukalia au wa kuogopea?"

Nikacheka, nikabeba sufuria kubwa yote ya zambarau nzito, nikaimwaga kwenye shimo la choo. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo.

Asubuhi ya siku ya tatu shoga yangu alirudi mapema kuliko kawaida, sinia tupu kichwani, anatembea kama aliyepokea posa.

"Vimeisha hata jua halijapanda," akasema. "Na wamenisifu rangi. Mmoja kaniuliza, leo umetia nini, ndani vimekuwa kama vya harusi. Nikamwambia siri ya jikoni."

"Rangi gani?"

"Mimi najua? Nilidhani ananitania."

Yeye huroweka mchele jioni na kuusaga alfajiri kwa taa ya uani ambayo mwanga wake ni wa kubahatisha. Alikuwa amebakiza kitumbua kimoja cha mtoto. Akakipasua. Nje kilikuwa kahawia kama vyote, ndani kilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka, kizuri kweli.

Tulikuwa bado tunakitazama bibi alipotuita kutoka kisimani. Alikuwa amesimama mbele ya ndoo nyeupe iliyojaa, na maji yake yalikuwa na rangi ileile ya kitumbua.

"Umetupa rangi kwenye kisima cha mama yangu," akaniambia.

"Wallahi bibi, sikutupa."

"Umetupa wapi?"

"Ulikoniambia. Chooni."

Tulitazama kisima, tukatazama choo, tukatazama ardhi iliyo katikati. Nilikuja kuipima baadaye: hatua zangu kumi na mbili.

Shoga akawa wa kwanza kufungua kinywa. "Basi kama rangi imepita hapa chini…"

"Usimalize," bibi akasema.

"Simalizi, bibi. Nasema tu rangi haikusafiri peke yake."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alikaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka hadi machozi, na sisi tukacheka naye, huku kila mmoja akijishika tumbo na kukumbuka mambo yake. Kisha akajifuta macho. Akatazama kile kisima.

"Watu wanamwombea mama yangu," akasema, "na mimi ninawanywesha hicho."

Siku hiyohiyo nilimfuata fundi aliyekichimba, Mdigo mmoja mwenye maneno mengi, anayeishi mitaa miwili kutoka pale. Alikuja akijitetea kabla hajashtakiwa. Kisima chake hakina kosa, alisema; wakati anachimba, choo kilikuwa kifupi, na hili shimo refu lilichimbwa baadaye na mtu mwingine asiyejua kazi. Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza yote niliyotaka kuuliza. Kwa haki yake, alijibu yote.

Chini ya Ngamiani, alisema, ukishapita mchanga unakuta jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina matundu kama sifongo. Maji hayakai kama yalivyo kwenye mtungi, yanatembea polepole kuelekea baharini. Choo chetu kilikuwa upande wa juu, kisima upande wa chini.

"Kiangazi maji yako chini sana, shimo la choo haliyafikii," akasema. "Masika maji hupanda. Hulifuata shimo lenyewe, yakaliramba tako."

Hapo ndipo masika na tumbo la mtoto vilipokutana kichwani mwangu. Nikamuuliza tena, "Lakini mbona yalikuwa maangavu, na matamu?"

"Utamu wa maji ni kukosa chumvi tu. Vidudu havina ladha, dada. Vingekuwa nayo, tusingezikana."

Nililala nikifikiria jambo hilo. Kambini kwenye mkonge nilikuwa nimeona kijito kinachopokea maji ya kiwandani, kinanuka, kina povu, samaki wamegeuza matumbo juu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa asiyanywe. Nilikuwa nimejifunza kuuogopa uchafu kwa pua na macho, na miaka yote hiyo nilijiona mjanja. Ule wa hapa nyumbani ulikuwa umekaa kwenye birika letu la chai, na kama si ujinga wangu wa kutia rangi kupita kiasi, tungeendelea kuyalaumu maembe.

Bibi alikifunika kisima. Lakini majirani walipokuja na ndoo aliwaambia kamba imekatika. Nilimsikia kwa masikio yangu, na sikumlaumu. Akisema ukweli, ataufunga mdomo wa kila anayemwombea mama yake, na mtaa mzima utajua sadaka ile ilikuwa inaleta nini. Siku mbili uani palikuwa kimya. Alikaa nyuma ya pazia lake bila kukohoa.

Siku ya tatu jirani mmoja akaja kuuliza kamba itapatikana lini, maana mjukuu wake anaumwa tumbo na hataki maji mengine ila haya.

Bibi akavaa buibui. Akajaza maji ya zambarau kwenye chupa, akanipa mimi niibebe. "Twende," akasema. "Wewe ndiye mwenye rangi, utanishuhudia."

Tulianza kwa huyo huyo mwenye mjukuu. Bibi hakukaa hata alipoletewa kiti. Alieleza yote, akainua chupa, akaomba radhi. Mwenyeji akaitazama ile chupa.

"Kwa hiyo bibi, miaka yote hii tumekuwa tukinywa choo chako?"

"Changu na chako," bibi akajibu. "Chako kiko nyuma ya ukuta wangu. Usiniachie sifa zote."

Mwanamke yule alicheka mpaka akaegemea mlango. Nyumba ya pili walitutania kwamba ndiyo maana chai ilikuwa nzito. Nyumba ya tatu mzee mmoja alikasirika, akasema maneno, na bibi akayapokea yote bila kujibu. Tulipokuwa tunatoka, mzee yuleyule akauliza shimo jipya litachimbwa lini, anaye kijana mwenye sururu. Tulipita nyumba kumi na moja. Mwisho wake bibi alikuwa anasimulia habari ya vitumbua kwa madaha, anaigiza hata sauti ya shoga.

Bwana afya alikuja kuchukua maji kwenye chupa zake, akarudi na jibu tulilokwisha kulijua: hayafai kunywewa. Akatuelekeza kuchemsha hata ya bomba. Mashimo mawili ya zamani, letu na la jirani, yalinyonywa kwa gari, yakamwagiwa chokaa na kufukiwa. Kisima kikaachwa kwa kufulia na kumwagilia mpaka kipimwe tena baada ya masika mawili. Fundi akachagua mahali pa choo kipya, pembeni kabisa upande wa baharini, na safari hii hakuchimba kwenda chini. Alijenga shimo fupi la matofali lililosakafiwa saruji, akaliinua juu kwa ngazi tatu ili maji ya masika yasilifikie.

"Choo cha ghorofa," shoga akasema. "Tutapanda kama mabibi harusi."

Kilikuwa choo cha nyumba tatu. Siku saruji ilipokauka, bibi alizunguka pale mara kadhaa, akigusa ukuta. Nilijua kuna jambo analitafuna.

"Nataka kiwe cha mama," akasema mwishowe. "Sadaka yake ihamie hapa."

Fundi aliinamisha uso akijifanya anatafuta mwiko. Shoga hakuweza kujizuia. "Bibi, choo? Nani atamwombea marehemu akiwa mle ndani? Hata kutaja jina la Mungu mle haifai."

"Ninajua haifai," bibi akasema. "Watamwombea wakitoka."

Fundi alisema kwa maoni yake ni sawa kabisa, kwani mtu akitoka chooni salama ana moyo wa shukrani kuliko akiteka maji.

Kwa desturi yangu, masika ya pili yalipokwisha ningekuwa nimefunga mzigo. Yalikuja ya tatu nikiwa bado pale. Mtoto wa shoga alipita msimu mzima wa mvua bila kulala kitandani hata siku moja kwa tumbo. Alikuwa na mashavu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafukuza kuku weupe, na bibi, mkali wa kuku, alimwacha. Ijumaa kabla ya sala huwa kuna foleni kwenye zile ngazi tatu. Bibi huketi kivulini mkabala nazo, akikata ukindu, akimkoholea anayetoka bila kumwombea mama, na kulalamika kwa sauti kwamba watu wa nyumba ya pili wanakaa mno.