Kisiki Kilichojua Mwaka wa Edina

Damiano alivuka mpaka wa Tunduma asubuhi akitokea Lusaka, alikoshukia ndege kutoka Ulaya. Wabadilisha fedha walimvamia kwa Kibemba, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akawajibu kwa kusitasita kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Ilikuwa Februari 2011. Kwa miaka kumi na minne hakuwa amekanyaga Iyula, kijijini kwao, na sasa alikuwa anakwenda kumzika mama yake.

Kazi yake huko Ulaya ilikuwa kupima umri wa matumbawe yanayoota kwenye vilindi vya bahari, kusikofika mwanga. Tumbawe hujijengea mfupa kutokana na maji yanayolizunguka, na aina moja ya kaboni iliyomo hupungua taratibu kwa kiwango kinachojulikana. Lakini kaboni hutaja umri mkubwa kuliko wa tumbawe lenyewe, unaojulikana kwa kipimo kingine. Ziada hiyo ndiyo aliyoitafuta: miaka ambayo maji yale yalikaa chini bila kuonana na hewa. Kutokana nayo hujulikana jinsi bahari ilivyokuwa ikizunguka zamani. Aliwahi kumweleza mama yake, Edina, kwa simu.

"Kumbe maji nayo huenda ughaibuni?"

"Huenda, mama. Mengine miaka elfu."

"Na hurudi?"

"Hurudi."

"Basi yamekushinda adabu."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akamwomba jambo. Hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa. Alichojua ni kwamba kitovu chake kilipodondoka, baba yake alikizika shambani na kupanda juu yake mche wa kahawa. Mwaka 2001, bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka, Eliudi, mdogo wake Damiano, alikata miti yote ya kahawa apande mahindi. Kisiki kile kimoja mama alikikalia mpaka kikaachwa.

"Uje unihesabie pete zake," alisema. "Kaburi langu liandikwe mwaka. Msinizike kama mtu aliyeokotwa."

Damiano aliahidi. Kila mwaka aliahidi.

Alipofika alikuta jeneza sebuleni. Alilia hadi akaishiwa sauti, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, moja kwa moja hadi penye kisiki. Palikuwa na shimo limejaa maji ya mvua.

Eliudi alimfuata. "Kuni zote zimelowa, kaka, na watu mia mbili wanataka kula. Kile ndicho pekee kilichokubali kuwaka."

"Unajua kilikuwa nini?"

"Kitovu cha mama, najua. Nikasema, mwenyewe katangulia, kimngoje nani?" Akamtazama kaka yake usoni. "Kwani kulikuwa na kingine?"

Damiano hakuwahi kumwambia habari ya pete. Alimwambia pale, wamesimama kwenye matope, na Eliudi akashika kichwa kwa mikono miwili.

Kwenye mafiga, chini ya sufuria la maharage, walipata kipande cha mkaa kisichozidi kidole.

"Si ndiyo kaboni hii?" Eliudi aliuliza. "Kaipime basi."

"Haitatufaa. Kipimo changu ni cha mambo ya kale. Kitu cha miaka sabini na cha miaka mia mbili kinavichanganya."

"Yaani umesoma kote huko…" Eliudi alimtia mkaa kiganjani.

Alasiri walizika. Fundi Makene, Msukuma aliyepanda kutoka bondeni Momba, aliinama juu ya saruji mbichi, msumari mkononi. Alikwisha kuandika *Edina*, na chini yake *Alizaliwa*.

"Mwaka, mkubwa? Saruji inakaza."

Watu wote walimgeukia Damiano, yeye ndiye msomi.

"Sema thelathini na nane," Eliudi alinong'ona. "Nani atabisha?"

Damiano aliupapasa mkaa mfukoni.

"Ruka," alisema. "Andika wa kufa."

Makene akaacha nafasi ya tarakimu nne, akaendelea. Alipomaliza, Damiano alipiga goti, akautoa mkaa mfukoni, akaubonyeza kwa kidole gumba pale palipoachwa wazi.

"Utadumu?" Eliudi aliuliza.

"Mkaa hauozi."

Wakaenda kunawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya kuzika. Damiano alinawa mara tatu, na kidole gumba hakikutakata.