Kilichopakiwa kwenye baiskeli

Filamu ilipofika pale bibi kizee anapopandishwa kwenye baiskeli, ukumbi mzima wa Nyegezi, Mwanza, ulipiga makofi. Evelina, fundi cherehani wa Mabatini, hakupiga. Kaka yake Alexander, ambaye ndiye aliyewasimulia watengenezaji wa filamu utoto wao wa Kagera wakati wa vita, alikuwa anafuta machozi.

"Kumbe bibi yenu mlimpakia," Precious, mjukuu wa Evelina, alinong'ona. "Mbona hujawahi kunisimulia, bibi?"

Evelina alimgeukia kaka yake. "Mwambie mtoto baba alipakia nini."

"Nyamaza, mdogo wangu. Huoni watu wanavyolia vizuri?"

Siku ile walipokimbia vita, baiskeli ilikuwa moja. Baba alifunga cherehani kwenye keria, akasema bila hiyo Mwanza wangekula nini. Bibi alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kanisani, amekaa mlangoni anangoja zamu yake. "Nakurudia jioni, mama," baba alimwambia, wakaondoka. Evelina alikuwa na miaka minane, na njia nzima ndiye aliyeishikilia cherehani isianguke. Vita vilipokwisha walirudi, wakakuta kiatu kimoja migombani.

Kesho yake alfajiri Precious alileta sketi ya shule ipunguzwe.

"Hii ndiyo tuliyoipakia," Evelina alisema, akiigonga cherehani kwa kiganja.

Precious alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akaacha kucheka. "Na bibi yenu alikaa wapi?"

"Mlangoni."

Evelina akaendelea kukanyaga cherehani, maana sketi ilitakiwa shuleni saa moja.